Akili mnemba na watoto wetu: yanayosemwa Moshi na yaliyo kweli

Kwenye kikao cha wazazi hapa Moshi, baba mmoja alisimama akauliza: "Mwalimu, kama simu inajua kila kitu, mtoto anasoma ya nini?" Wengi waliitikia kwa vichwa. Yaliyosemwa siku ile nimekuwa nikiyawaza tangu hapo.

"Simu inajua kila kitu."

Haijui. Programu ya akili mnemba (AI) kama ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, ililishwa maandishi mengi mno ikajifunza neno gani huelekea kufuata lipi. Ndiyo maana husema kosa kwa uhakika uleule inaosemea kweli. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliniletea insha kuhusu mifongo, ile mifereji ya kumwagilia migomba mlimani. Kiswahili safi kabisa, ila eti mifongo ilichimbwa na Wajerumani! Nikamwambia akamuulize bibi yake kule Uru. Jumatatu alirudi na kurasa mbili za daftari: ukoo uliochimba mfongo wao, zamu za maji zinavyopangwa, faini ya anayefungulia maji si zamu yake. Mifongo ilikuwepo Mjerumani hajafika. "Sasa mbona simu haikujua?" akaniuliza. Kwa sababu mengi ya bibi yake hayajaandikwa popote. Hilo swali lake ndilo elimu ninayoitaka.

"Bila maabara ya kompyuta hakuna maandalizi."

Kompyuta zinahitajika, na shule zetu zipewe. Lakini kuuliza nani kasema, lini, na amejuaje, hakusubiri umeme. Mimi huandika jibu la mashine ubaoni, darasa zima linalisahihisha.

"Hayo ni mambo ya Ulaya."

Twende Tengeru, Arusha, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia. Dkt. Dina Machuve na wenzake walikusanya picha za vinyesi vya kuku kutoka kwa wafugaji wa Arusha na Kilimanjaro, kati ya 2020 na 2021, zikapigwa kwa simu. Kwa picha hizo kompyuta ikafundishwa kutofautisha kinyesi cha kuku mzima na cha kuku mwenye kideri, kuhara damu au salmonela. Kabla mashine haijajifunza, lazima awepo mtu wa kusema hiki ni kideri, hiki sicho. Watoto wangu wengi wamefagia mabanda tangu wadogo. Nikifika hapa, hata wa nyuma kabisa wananyoosha mikono.

"Tupige marufuku, zipo programu za kuwakamata wanaoandikiwa na mashine."

OpenAI, wenye ChatGPT, walitoa kitambuzi chao cha maandishi ya mashine Januari 2023 wakakiondoa Julai mwaka huohuo, kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo. Nimeshuhudia binti akinyimwa alama kwa insha aliyoiandika mwenyewe, kosa lake kuandika vizuri. Alilia, na mimi sikuwa na la kumtetea. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Siku hizi kila anayeleta insha hukaa nami dakika 5, daftari limefungwa, anieleze alichoandika. Aliyenakili hukwama sentensi ya pili, naye hurudi kuandika upya bila fimbo. Darasa lina watoto 60, kwa hiyo insha moja inanichukua wiki mbili. Nawasikiliza wote.