Umebadilishiwa kipandikizi cha uume: maswali na majibu kuhusu wiki sita za kupona

Kipandikizi cha uume huwekewa mwanaume ambaye vidonge, sindano na njia nyingine zimeshindwa kumrudishia nguvu za kiume. Hapa nchini Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilianza kuviweka mwaka 2023, na wapo wanaowekewa nje ya nchi. Wengi hupona vizuri. Maelezo haya ni kwa yule ambaye mambo hayakumwendea sawa: kifaa kilipata usaha, pampu ilikufa au mrija ulitokeza kwenye ngozi, akarudishwa chumba cha upasuaji akabadilishiwa. Sasa anauguza kidonda nyumbani Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, mbali na daktari aliyempasua.

Nimeambiwa kifaa chote ni kipya. Ndani yangu kuna nini hasa?

Kama ni cha kujaza, una vitu vitatu: mirija miwili ndani ya uume, pampu ndogo ndani ya mfuko wa korodani, na kifuko cha maji nyuma ya misuli ya tumbo la chini, jirani na kibofu. Maji yale ni maji safi ya chumvi, kama ya dripu, kwa hiyo hata yakivuja hayana sumu. Kama ni cha nusu-ngumu, una vijiti viwili tu vinavyokunjika, havina pampu wala maji.

Kuna kitu cha nne ambacho daktari hakukiweka. Mwili ukikutana na kitu kigeni hukizungushia ganda jembamba la kovu, na ganda hilo hukomaa ndani ya wiki sita hivi. Pampu ikiwa imepanda juu wakati ganda linajengwa, itabaki juu. Kifuko kikiwa hakijajaa, ganda litakuwa dogo, na baadaye litakuwa linakibana na kusukuma maji kwenye mirija bila wewe kutaka. Karibu kila sharti utakalopewa katika wiki hizi sita linatokana na ganda hili. Ukilielewa, masharti hayatakuwa mzigo.

Mara ya kwanza nilipona haraka. Kwa nini safari hii maumivu na uvimbe vimezidi?

Kwa sababu daktari amepita kwenye kovu. Kovu halikatiki kirahisi na huvuja damu zaidi. Pia pale kifaa cha zamani kilipokaa pamebaki uwazi ambao damu hupenda kujikusanya. Tegemea mfuko wa korodani kuvimba na kuwa na rangi ya zambarau au nyeusi, pengine hadi mapajani. Uvimbe hupanda siku tatu nne za mwanzo, kisha hushuka taratibu. Maumivu ya wiki nne hadi sita si ajabu, ila kila wiki yawe pungufu ya iliyopita.

Kama ulibadilishiwa kwa sababu ya usaha, kila kipande cha kifaa cha zamani kilitolewa, sehemu ikaoshwa kwa dawa mbalimbali, madaktari wakabadilisha glovu na vifaa, ndipo kipya kikaingia. Njia hii huokoa zaidi ya wanaume wanane katika kila kumi. Mara nyingi huwekwa cha nusu-ngumu badala ya cha pampu, kwa kuwa kina sehemu chache za vijidudu kujifichia.

Mwenzangu alitolewa kifaa akarudishwa nyumbani bila kingine. Alidanganywa?

Hapana. Vijidudu vikiwa vimeingia kwenye damu, au nyama imeanza kufa, au sukari imepanda vibaya, kuweka kipya siku hiyo hiyo ni kuhatarisha uhai. Anasubiri miezi kadhaa. Gharama yake ni kwamba uume hujaa kovu na kufupika, na upasuaji unaofuata huwa mgumu zaidi. Ndiyo maana madaktari hupenda kubadilisha papo hapo inapowezekana.

Siku za mwanzo nifanye nini?

Mpira wa mkojo kwa kawaida hutolewa kesho yake. Mrija wa kutolea damu hukaa siku moja hadi tatu, na usiende nyumbani nao kama hujaelekezwa namna ya kuutunza.

Barafu husaidia sana saa 48 hadi 72 za mwanzo. Chukua barafu za mifuko zinazouzwa dukani, zifunge kwenye kitambaa kikavu, weka dakika 15 hadi 20, kisha pumzika saa nzima. Usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Sehemu hiyo ina ganzi ya upasuaji, na barafu inaweza kuiunguza usijue, hasa Juni na Julai ambapo Makete au Uporoto mwili wenyewe tayari umepoa. Kukandwa kwa maji ya moto, ambako ndugu wengi watakushauri kwa upendo, kuache kabisa: joto huongeza uvimbe na damu. Dawa za mizizi zisipakwe kwenye kidonda.

Paracetamol ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini apate kipimo chake kwa daktari. Dawa za kuua vijidudu maliza zote, hata ukijisikia mzima siku ya tatu.

Nimepasuliwa Dar es Salaam. Nirudi lini Mbeya kwa basi?

Si siku unayoruhusiwa. Subiri mpaka mrija wa damu umetolewa na daktari amekagua kidonda angalau mara moja baada ya hapo. Ni zaidi ya kilomita 800. Ukikaa saa kumi na mbili miguu ikining'inia, damu huweza kuganda kwenye miguu, na bonge likisafiri hadi mapafuni linaua. Chukua kiti cha pembeni mwa njia, shuka kila basi linaposimama, kuanzia Morogoro hadi Ruaha Mbuyuni, Ipogolo na Makambako, utembee dakika tano. Ndani ya basi chezesha vifundo vya miguu kila baada ya nusu saa. Kunywa maji, usijinyime kwa kuogopa kuomba kushuka. Vaa chupi ya kubana inayobeba korodani, na kalia mto laini, maana matuta ya Mikumi huyasikia mpaka mwenye kidonda cha mguu. Ukiweza kupata ndege ya kushukia Songwe, fedha hiyo haipotei bure.

Kwa nini nimeambiwa uume ulale juu na pampu niivute chini?

Hapa ndipo penye kazi yako kubwa. Uume uelekeze kitovuni, ndani ya chupi ya kubana, kwa wiki nne hadi sita. Ukiachwa uning'inie, mirija itashikwa na ganda ikiwa imepinda kuelekea chini.

Pampu nayo hupenda kupanda kinenani, na mahali hapo vidole havitaifikia vizuri. Kuanzia siku utakayoelekezwa, mara nyingi kati ya wiki ya kwanza na ya pili, ifanye hivi: oga maji ya uvuguvugu ili ngozi ilegee, nawa mikono kwa sabuni, kaa ukingoni mwa kitanda. Papasa mfuko wa korodani mpaka upate kitu kigumu kuliko korodani, chenye pembe. Kishike kwa dole gumba na vidole viwili, kivute chini taratibu mpaka kigote, shikilia kidogo, achia. Rudia mara chache, kila siku. Unavuta tu, hubonyezi. Anayebonyeza kabla ya wakati hutoa maji kwenye kifuko, na ganda la kifuko hujengeka dogo.

Kazi je? Mvua imeanza na shamba halisubiri.

Litasubiri wiki sita. Usinyanyue zaidi ya kilo tano, yaani kidumu cha lita tano cha maji ndicho mwisho wako. Ndoo ya lita ishirini ni kilo ishirini, na gunia la viazi usiliguse. Kifuko kimekaa nyuma ya misuli ya tumbo, na ukijikakamua kinaweza kusukumwa nje kabla hakijashikwa. Jembe, bodaboda na baiskeli vyote vikae pembeni.

Kujikakamua chooni ni vilevile. Choo cha kuchuchumaa hukunja kinena na kubana kidonda, kwa hiyo tafuta kiti chenye tundu. Kula maharage, mboga za majani, parachichi, na kunywa maji mengi ili choo kiwe laini. Sigara iache, kwani hubana mishipa midogo inayolisha kidonda. Ulanzi nao uache mpaka dawa ziishe na kidonda kifunge.

Nitajuaje kwamba usaha umerudi?

Hatari ya maambukizi katika upasuaji wa kurudia ni kubwa kuliko ule wa kwanza, kwa hiyo swali hili ni la msingi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha au maji yenye harufu kwenye kidonda, wekundu au joto linalosambaa, au mfuko wa korodani kuvimba ghafla na kuwa mgumu. Ukishindwa kukojoa, nenda usiku huo huo.

Zipo dalili za polepole zinazowapotosha wengi. Vijidudu vingine hujifunika utando juu ya kifaa na kukaa kimya miezi mingi, bila homa. Utaona maumivu yaliyokwisha yanarudi. Ngozi juu ya pampu inaganda nayo, haitelezi tena ukiisogeza. Au ngozi ya sehemu moja inakuwa nyembamba na kung'aa, kama inataka kupasuka. Usikubali kupewa vidonge vya wiki moja halafu tena vya wiki nyingine, kwa sababu dawa haiufikii utando huo ipasavyo. Omba rufaa kwa daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo mapema.

Mwenye kisukari apime sukari kila siku: kati ya 4 na 7 mmol/L kabla ya kula, chini ya 10 saa mbili baada ya kula. Kama ganzi imeshaingia kwenye uume, usitegemee maumivu yakuonye. Tazama ngozi kwa kioo kila jioni, hasa karibu na kichwa cha uume, na hasa kama una cha nusu-ngumu, maana hicho husukuma ngozi muda wote.

Nitaanza lini kukitumia?

Kwa kawaida wiki ya sita, wakati mwingine baadaye zaidi kwa aliyerudiwa. Mara ya kwanza pampu hubonyezwa kliniki, mbele ya daktari. Mbonyezo wa kwanza huwa mgumu, usishtuke. Baadaye utajaza na kutoa nyumbani kila siku ili mirija izoee kutanuka, kwa muda utakaoambiwa. Tendo la ndoa lifuate hapo, kwa upole, na mafuta ya kulainisha yenye asili ya maji. Mafuta ya kupikia au ya kujipaka huharibu kondomu. Kipandikizi hakizuii virusi vya Ukimwi, na katika utafiti wa 2022-23 Njombe iliongoza kwa maambukizi nchini.

Mbona uume umepungua urefu, na kichwa chake kimebaki laini?

Kovu hula urefu, hasa baada ya maambukizi. Baadhi hurudi kidogo kwa mazoezi ya kujaza katika miezi inayofuata. Kichwa hubaki laini kwa sababu mirija haifiki ndani yake. Hisia, kufika kileleni na mbegu havitokani na kifaa, kwa hiyo kama ulikuwa navyo, kwa kawaida hubaki navyo.

Ni lazima mtu mwingine ajue?

Mmoja, ndiyo. Mke wako, au ndugu unayemwamini. Siku ukiletwa zahanati hujitambui, muuguzi atataka kukuwekea mpira wa mkojo, na ukiingizwa kwa nguvu wakati mirija imejaa, unaweza kuchana njia ya mkojo na kuharibu kila kitu. Lazima maji yatolewe kwanza, na kwa cha nusu-ngumu atumie mpira mwembamba na mkono mwepesi. Daktari wa ngiri naye ajue, kwani kisu chake kitapita jirani na kifuko, na mpiga picha ya tumbo anaweza kukiona akadhani ni uvimbe. Kadi uliyopewa yenye jina na namba ya kifaa ipige picha, ihifadhi kwenye simu yako na ya huyo mmoja. Nyuma ya kadi andika kwa mkono: aina ya kifaa, tarehe ya kubadilishwa, na upande kilipo kifuko.