Mdudu mwenezi: nani hasa anasambaza ugonjwa wa miti?

Mdudu mwenezi ni mdudu anayechukua kimelea cha ugonjwa kwenye mti mgonjwa, akakaa nacho kikiwa hai, kisha akakifikisha kwenye mti mzima nao ukaugua. Hatua zote tatu ni lazima zitimie. Kimelea kikifia tumboni mwa mdudu, huyo si mwenezi. Kikibaki hai lakini mdomo wa mdudu haufiki kwenye tishu ambamo kimelea huishi, bado si mwenezi. Nasisitiza hili kwa sababu habari nyingi kuhusu magonjwa ya michungwa, mizabibu, mizeituni na milozi huishia kwenye “mdudu fulani amekutwa na bakteria”, na msomaji akadhani mhusika kapatikana. Kipimo cha DNA peke yake kinasema tu kwamba mdudu alikula mahali palipo na bakteria.

Ushahidi wenyewe hutafutwa kwa subira. Watafiti hufuga wadudu kwenye mimea safi mpaka wapate kizazi ambacho hakijawahi kugusana na ugonjwa. Baadhi yao hufungiwa kwenye tawi la mti mgonjwa, ndani ya kifuko cha wavu, kwa saa au siku kadhaa, kisha huhamishiwa kwenye miche mizima. Kundi jingine hupitishwa njia ileile, ila hao huanzia kwenye mti usio na ugonjwa, ili kusiwe na shaka kwamba miche iliugua kwa sababu nyingine. Wadudu wakishaondolewa, miche hutunzwa kwa wiki au miezi huku ikipimwa. Miche ya kundi la kwanza ikiugua na ya kundi la pili ikabaki salama, hapo ndipo mtu anaweza kumtaja mwenezi bila kusitasita.

Kuna mbinu nyingine inayonivutia sana. Mdudu hubandikwa mgongoni waya wa dhahabu mwembamba mno, kwa gundi inayopitisha umeme, na waya wa pili huchomekwa kwenye udongo wa mche. Umeme hafifu hupitishwa humo. Mdudu anapodunga jani, mzunguko wa umeme hukamilika na mashine huchora mawimbi, na kila tendo lake lina umbo lake la wimbi: kutema mate, kutafuta mrija, kufyonza. Mbinu hii ilianza miaka ya 1960 kwa vidukari. Leo hutumika pia kwa wadudu wa michungwa na mizabibu, na inaweza kuonyesha ni wakati gani hasa mdudu anaingiza kimelea.

Si kila mwenezi hudunga, hata hivyo. Mwaka 1891 Mmarekani Merton Waite alionyesha kwamba nyuki huhamisha bakteria wa ugonjwa wa moto wa miti ya pea kutoka ua hadi ua. Nyuki hufuata nekta tu, na bakteria hubebwa kwenye mwili wake. Lakini magonjwa yanayowasumbua watafiti zaidi leo ni yale yanayoishi ndani ya mirija ya mti, na ili kuyaelewa lazima tujue mirija ipi inahusika. Zailemu hupandisha maji kutoka mizizini. Floemu husambaza sukari iliyotengenezwa na majani. Kimelea cha zailemu huhitaji mdudu anayefyonza zailemu, na cha floemu vivyo hivyo.

Bakteria Xylella fastidiosa huishi kwenye zailemu. Hujijenga kwa tabaka ndani ya mirija, maji yakashindwa kupita, na majani yakakauka kuanzia kingoni kama yaliyobabuliwa na moto. Kwenye mizabibu huitwa ugonjwa wa Pierce, kwa jina la Newton Pierce aliyeueleza mwaka 1892 baada ya mashamba ya mizabibu kuangamia huko Anaheim, California. Bakteria huyohuyo ndiye anayeunguza majani ya milozi. Kwa miongo mingi wanasayansi waliamini kwamba wanakabiliana na kirusi, na ilifika mwaka 1978 ndipo bakteria wa ugonjwa wa Pierce alipokuzwa maabara.

Mahali anapokaa bakteria huyu ndani ya mdudu paligunduliwa kwa njia nzuri sana. Mdudu mpevu akishamchukua, anaweza kumwambukiza mmea mara moja, bila kipindi cha kungoja, na hubaki mwenezi kwa maisha yake yote. Tunutu, yaani mdudu mchanga asiye na mabawa, naye huweza kuambukiza, lakini akijivua ngozi anakuwa safi mpaka ale tena kwenye mmea mgonjwa. Kwa nini? Kwa sababu wakati wa kujivua, utando wa ndani wa sehemu ya mbele ya utumbo hutoka pamoja na ngozi ya nje. Kwa hiyo bakteria alikuwa amenata hapo. Kama angekuwa kwenye damu ya mdudu au kwenye tezi za mate, kujivua kusingemwondoa.

Ugonjwa wa michungwa uitwao huanglongbing ni kinyume kabisa. Bakteria wake huishi kwenye floemu, na huenezwa na silidi, mdudu mdogo wa milimita 3 hivi anayeinua sehemu ya nyuma juu anapokula. Hapa bakteria huvuka ukuta wa utumbo, huingia mwilini na kufika kwenye tezi za mate, safari inayochukua siku hadi wiki. Tunutu wa silidi huchukua bakteria vizuri zaidi kuliko wapevu, nao huzaliwa kwenye machipukizi machanga tu. Ndiyo maana mkulima wa michungwa huangalia machipukizi kwanza. Florida ilimwona silidi wa Asia mwaka 1998 na ugonjwa wenyewe mwaka 2005. Jimbo hilo lilivuna masanduku milioni 242 ya machungwa msimu wa 2003/04, na chini ya milioni 20 msimu wa 2022/23, ingawa kimbunga cha mwaka 2022 nacho kilichangia anguko hilo. Jambo linaloumiza ni kwamba mti huweza kukaa miezi mingi, hata miaka, bila dalili ya wazi, huku silidi wakiondoka na bakteria kutoka kwenye machipukizi yake.

Virusi vya ndui ya mplamu, vinavyoshambulia pia mipichi na miaprikoti, vina njia fupi kuliko zote. Kidukari huonja jani kwa sekunde chache, virusi vikanata kwenye ncha ya mdomo wake, na akionja mti wa pili amekwisha kuambukiza. Dawa ya kuua wadudu humkuta kidukari akiwa ameshamaliza kazi, na kunyunyiza bila mpango kunaweza kuwafanya vidukari wahangaike na kuonja miti mingi zaidi. Marekani ilipougundua ugonjwa huu Pennsylvania mwaka 1999, iliegemea kwenye kupima na kung'oa miti, na mwaka 2019 ikatangaza kuwa imeutokomeza.

Kwa hiyo swali la dawa gani inyunyizwe huja mwisho. Kwanza ni mdudu yupi, anakaa na kimelea kwa muda gani, na yuko wapi kabla hajafika mtini. Kusini mwa Italia, katika mkoa wa Puglia, Xylella iligunduliwa kwenye mizeituni mwaka 2013 na mamilioni ya miti yamekufa. Mwenezi mkuu ni mdudu povu, Philaenus spumarius. Tunutu wake huishi kwenye magugu wakati wa machipuko, wamejificha ndani ya povu wanalolitengeneza wenyewe, na hawawezi kuruka. Wakipata mabawa hupanda kwenye mizeituni. Basi wakulima wanaagizwa kulima au kufyeka magugu mapema, tunutu wangali kwenye povu, hatua ambayo isingewezekana kama watafiti wasingejua maisha ya mdudu huyu kwa undani. Mdudu huyohuyo anahusishwa na milozi ya Alicante, Hispania, ambako bakteria aligunduliwa mwaka 2017 na milozi mingi ikang'olewa kwa mujibu wa sheria za Umoja wa Ulaya. Puglia nako upandaji umeanza upya kwa aina mbili za mzeituni, Leccino na FS-17, ambazo huambukizwa lakini hubeba bakteria wachache na kuendelea kuzaa.