Je, wajua kwa nini skeli ya maina (ngazi ya noti yenye ladha ya huzuni) hupanda kwa noti hizi na kushuka kwa nyingine?

Chukua A maina, ambayo wanakwaya wa solfa (mfumo wa kuimba noti kwa majina kama do, re, mi) huianza kwa la: la ti do re mi fa so la. Ukiimba hivyo kupanda, mwisho wake hautulii. Kati ya so na la pana toni nzima, na sikio linataka nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa, kama ti inavyoisukuma do kwenye meja, skeli ya do re mi ya kawaida. Ndiyo maana watunzi huipandisha so iwe se, yaani G iwe G♯. Hapo kordi ya tano, E-G♯-B (noti tatu zinazosikika pamoja, zikianzia noti ya tano ya skeli), inapata nguvu ya kuivuta kordi ya kwanza, inayoanzia A.

Lakini sasa fa na se zimeachana kwa nusu toni tatu. Mpe mwimbaji wa sauti ya tena (sauti ya juu ya kiume) mstari wa mi fa se la, usikie anavyoyumba. Kwa hiyo fa nayo hupanda, ikaitwa ba: mi ba se la. Wakati wa kushuka, la haihitaji kusukumwa na chochote, basi so na fa hurudi zilivyokuwa. Mtunzi Bach anaionyesha wazi kwenye bourrée (muziki wa dansi) ya E maina (BWV 996 katika orodha ya kazi zake), inayopendwa sana na wapiga gitaa: sauti ya juu inapanda B, C♯, D♯, E (mi ba se la), kisha papo hapo inashuka D, C, B (so fa mi).

Kwenye sauti nne, kila sauti hufuata mwelekeo wake, na kordi hubadilika nayo. Soprano ikiimba ba, kordi ya nne inakuwa D-F♯-A, na mwimbaji wa tena hawezi kung'ang'ania F. Besi ikipanda E, F♯, G♯, A, juu yake weka kordi ya tano, ya nne, ya tano, ya kwanza. Ikishuka A, G, F, E, kordi ya tano inayofika kwanza, juu ya G, huwa maina, E-G-B. G♯ huingia kwenye kordi ya mwisho tu. Huo ni mwishio wa huzuni nzuri mno. Na se usiipe sauti mbili: zote zitakimbilia la, upate oktava sambamba, yaani sauti mbili zinazosonga pamoja kwa noti zilezile.

Kosa ninalolisikia sana ni kupandisha fa kila mahali. Alto akishuka fa kwenda mi, mwache na fa yake. Ila kordi ya tano ikiwa inashikilia na sauti inapita la, se, ba, mi, hata kushuka huko hubaki na noti zilizopandishwa, kwa sababu G ya kawaida ingegombana na G♯ iliyomo kwenye kordi.