Mshahara wa mwalimu wa mawasiliano chuoni hapa Mwanza: usidanganyike na namba ya juu

Wanafunzi wangu wakishamaliza tu wananifata inboksi, swali ni lile lile, "mwalimu, nikipata kazi ya kufundisha chuo nitakuwa nakula shingapi?" Nafundisha mawasiliano ya umma hapa Mwanza, nilianza na pati taimu ndo nikaja kuajiriwa, kwa hiyo slipu zote mbili nishazishika.

Tutoe kwanza hii ya "Dar wanalipwa zaidi". Chuo cha serikali skeli yake ni moja nchi nzima, ukae Posta ya Dar ukae Buhongwa ya huku Mwanza hela ni ile ile, kinachokupandisha ni cheo. Chuo kikuu mtu anaingia tutorial assistant (ngazi ya chini kabisa ya ualimu wa chuo) kwa digrii yenye GPA, yaani wastani wa ufaulu, ya 3.8 kwenda juu, akipiga masta anakuwa mhadhiri msaidizi, PhD mhadhiri, vyuo vya diploma sisi tunaitwa wakufunzi tu. Vyuo binafsi ndo kila kimoja na lake, ada za wanafunzi ndo zinaamua, wanafunzi wapya wakiingia wachache mshahara nao unachelewa.

Sasa makato. Tuseme umepewa milioni 1.5 chuo binafsi (mfano tu huu, msije mkaninukuu). NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, inachukua 10% yako, laki na nusu, inabaki 1,350,000 na hapo ndo TRA wanapoanzia, PAYE, kodi ya mshahara, inakuja 233,000. Bodi ya Mikopo, kama ulisoma kwa mkopo, 15%, na hawa wanapiga kwenye mshahara wenyewe kabla haujaguswa, 225,000 hiyo imeenda. Bima 3% ni 45,000. Mkononi unabaki na 847,000! Mwenzako wa serikali mwenye 1.5 ile ile PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inamkata 5% tu, ila kwa vile kilichobaki kwake ni kikubwa PAYE nayo inapanda, 255,500, Bodi na bima ni vile vile, mwisho wa siku anaondoka na 899,500, kakuzidi elfu hamsini na kitu. Penyewe hasa anapokuzidi ni kwenye uzeeni, mwajiri wake anamwekea 15% wakati wako anakuwekea 10.

Pati taimu sasa, hapo ndo pananiuma. Unalipwa kwa kipindi ulichosimama darasani basi, kuandaa hulipwi, kusahihisha kwa vyuo vingi hulipwi, na masomo yetu sisi ni ya mikono, mwanafunzi arobaini kila mmoja kaleta habari ya redio ya dakika tatu, unazisikiliza zote, unarudia zile ambazo upepo wa soko la samaki la mwaloni Kirumba umemeza sauti ya muuza dagaa, usiku wa manane bado una heedifoni masikioni. Chuo kimoja nilifundisha semista nzima hela ikaja semista inayofata, na nusu yake, kisa "matokeo yamechelewa kuingizwa", nauli ya daladala Igoma mpaka Nyegezi nilikuwa najilipia mwenyewe.

Kwa hiyo kabla hujasaini uliza saa ngapi kwa wiki, usahihishaji unalipwa au la, na hela inatoka lini, wakuandikie kwenye mkataba. Wengi wetu tunajazia na uemsii wa harusi na kusoma matangazo ya biashara redioni, na kuna Jumamosi ukumbi mmoja unanilipa kuliko vipindi vya wiki mbili.