Mafuta ya Ngozi Kavu Sana: Maswali na Majibu

Kuna ngozi kavu ya kawaida, ile inayopauka kidogo magotini na kwenye viwiko hewa ikiwa kavu, ukiipaka mara moja inatulia. Halafu kuna ngozi kavu sana. Hii inakaza ukitoka tu kuoga, inatoa magamba, inawasha usiku hadi unakatisha usingizi, na inapasuka vidoleni na visiginoni. Majibu haya ni ya wenye ngozi ya aina hii ya pili. Wengi wao wameshajaribu makopo chungu nzima na kukata tamaa, kumbe mara nyingi kasoro haikuwa ya kopo peke yake.

Kwa nini napauka saa moja tu baada ya kupaka losheni?

Tabaka la juu kabisa la ngozi limekaa kama ukuta. Matofali yake ni seli zilizokwisha kufa, na udongo unaoyashikanisha ni mafuta ya asili ya mwili: seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ukuta ukiwa mzima, maji ya mwilini hayatoki ovyo. Udongo huo ukipungua, maji yanatoka kama mvuke usioonekana, matofali yananyauka, yanabanduka. Ule unga mweupe unaouona ukijikuna ndio huo.

Sasa losheni nyingi ni maji kwa sehemu kubwa. Ukiipaka unasikia ubaridi na ulaini, kisha maji yale yanakauka, na mafuta yanayobaki ni machache mno kuziba ukuta wenye nyufa nyingi. Mwenye ngozi ya kawaida inamtosha. Wewe haikutoshi, au itakubidi uipake mara nyingi zaidi kwa siku.

Losheni, krimu na mafuta mazito yanatofautianaje?

Kwa kiasi cha maji, zaidi ya jambo lingine lolote. Inama kopo: kinachomiminika ni losheni, kinachokaa lakini kinachoteka kirahisi kwa kidole ni krimu, na kile kizito kinachong'aa, kinachoyeyuka kwa joto la kiganja, ndiyo mafuta mazito. Lebo nayo inasaidia, kwa sababu viambato huorodheshwa kuanzia kile kilicho kingi. Neno "aqua" likitangulia, ujue umeshika maji kwanza, mafuta baadaye.

Ndani ya kopo viambato vina kazi tatu. Vipo vinavyovuta maji na kuyashikilia kwenye tabaka la juu: glisirini, yurea, asidi ya laktiki, asidi ya haluroni. Vipo vinavyojaza nafasi kati ya magamba ili ngozi iwe laini ukiigusa, kama seramaidi na mafuta ya mimea. Na vipo vinavyofunika juu ili maji yasitoroke: mafuta ya mgando, parafini ya maji (si mafuta ya taa), lanolini, dimethikoni, nta ya nyuki. Ngozi kavu sana inahitaji zote tatu, lakini ukilazimika kuchagua moja, chagua kufunika.

Ndiyo maana nayatetea mafuta ya mgando, yale yanayoandikwa "petrolatum" kwenye lebo, ingawa wengi huyadharau kwa kuwa ni ya kawaida mno. Mkemia Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872, baada ya kuona wachimba mafuta wakijipaka nta nyeusi ya mitambo kwenye michubuko na sehemu walizoungua. Hadi leo hakuna mafuta ya mimea yanayoyafikia kwa kuzuia maji yasitoke. Hayana harufu, na ni nadra sana kumletea mtu mzio. Ubaya wake ni kunata, na ubaya huo si mdogo: mafuta usiyoyapenda yatabaki kabatini.

Kwa hiyo mafuta mazito ndiyo bora kuliko yote?

Hapo nitakujibu kwa uangalifu. Uingereza ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, watoto 550 wenye pumu ya ngozi (ukurutu) wakagawiwa makundi manne: losheni, krimu, jeli na mafuta mazito. Baada ya wiki 16 hakuna kundi lililoonekana kuwapita wenzake. Kilichobainika ni kwamba familia zinatofautiana sana katika kipi wanakipenda na kipi wanakiweza.

Hilo halifuti niliyoyasema juu. Ukipaka mara moja kwa siku, kizito kitakufaa kuliko chepesi. Lakini kama mafuta mazito yanakufanya utoe jasho na kujikuna, au yanachafua nguo za kazini hadi unayaacha, krimu unayoipaka mara 3 kwa siku bila kukosa itakusaidia zaidi. Watu wengi huishia na makopo mawili, krimu ya mchana na mafuta mazito ya kulalia. Kwa maoni yangu huo ndio mpango unaodumu.

Nipake lini?

Swali hili lina uzito kuliko lile la jina la kopo. Paka ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika chache baada ya kutoka kuoga. Jipangusepanguse kwa taulo bila kusugua, uache umajimaji kidogo, kisha upake hapohapo bafuni kabla hujavaa. Mafuta hayaiongezei ngozi maji, yanayafungia ndani yaliyopo. Ukisubiri hadi ukauke kabisa, unafunga mlango wakati maji yamekwisha kuondoka.

Na kuoga kwenyewe kuna namna yake. Maji yawe vuguvugu. Ya moto yanaburudisha, hasa penye mwasho, lakini yanayeyusha uleule udongo wa ukuta tunaojaribu kuuokoa. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Sabuni ya kipande ya kawaida ina ualkali wa pH 9 hadi 10, wakati ngozi yenyewe ina uasidi kidogo, pH karibu na 5. Kila ukiisugulia mwili mzima unaivuruga hali hiyo. Sabuni iishie kwapani, sehemu za siri kwa nje, miguuni na mahali palipochafuka. Kwingine tumia kisafishio laini kisicho na harufu, au maji matupu. Dodoki gumu na brashi vipumzike.

Ukipaka, telezesha mkono kuelekea upande nywele za mwili zinakolalia. Kusugua kwa kuzunguka kunasukumia mafuta kwenye vinyweleo, na vipele huanzia hapo. Kama unateka kutoka kwenye kopo, tumia kijiko safi badala ya vidole.

Kiasi gani kinatosha?

Zaidi ya unavyofikiri. Mtu mzima mwenye ngozi kavu mwili mzima anaweza kumaliza gramu 500 kwa wiki. Kopo la gramu 100 likikukalia miezi miwili, hujapaka, umejigusa tu. Hii ni sababu nyingine ya kutokimbilia kopo la bei kubwa: utalibania.

Yurea nimeisikia sana. Ni nini, na inanifaa?

Yurea ipo tayari kwenye ngozi yako, ni moja ya vitu ambavyo mwili wenyewe hutumia kushika maji. Ya kwenye krimu hutengenezwa kiwandani. Cha kuangalia ni asilimia yake. Asilimia 5 hadi 10 inalainisha na kuvuta maji, inafaa mikono na miguu inayotoa magamba. Kuanzia 20 hivi inaanza kumomonyoa ngozi ngumu, kwa hiyo hiyo ni ya visigino na sugu. Asilimia 40 hutumika hata kulainisha kucha zilizokuwa nene, na si ya kupaka mwilini.

Inachoma kwenye ngozi iliyopasuka au iliyochubuka. Asidi ya laktiki nayo ni vivyo hivyo. Penye nyufa mbichi anza na mafuta ya mgando kwa siku kadhaa, nyufa zikifunga ndipo uje na yurea. Mtoto mdogo usimpake mpaka umeuliza daktari au mfamasia.

Harufu nzuri ina ubaya gani?

Ngozi yenye nyufa inapitisha vitu ambavyo ngozi nzima ingevizuia, na manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa kuleta mzio wa ngozi. Tafuta neno "parfum" au "fragrance" kwenye orodha ya viambato. Likiwepo, rudisha kopo. Jihadhari na lebo ya "unscented": hiyo huweza kuwa na manukato yaliyowekwa ili kuficha harufu nyingine. Unayoitaka ni "fragrance free". Mafuta yanukiayo yaliyokamuliwa kwenye maua na majani nayo ni manukato, hata yakiitwa ya asili.

Lanolini, inayotokana na sufu ya kondoo, ni nzuri kwa wengi lakini wachache huwaletea mzio. Bidhaa yoyote mpya ijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, mahali palepale, mara 2 kwa siku kwa siku 7 hadi 10. Pasipowasha wala kuvimba, endelea.

Mafuta ya nazi, ya zeituni, ya alizeti, si salama zaidi kwa kuwa ni ya mimea?

Hayalingani. Mafuta ya zeituni yana asidi ya oleiki kwa wingi, na hiyo hulegeza ukuta wa ngozi. Nisingeyapaka kwenye ngozi kavu sana, na kwa mtoto mchanga ndiyo kabisa. Ya alizeti, yakiwa ya aina yenye asidi ya linoleiki nyingi, ni rafiki zaidi. Ya nazi yanawasaidia baadhi ya wenye pumu ya ngozi. Yote hayo hufunika kidogo kuliko mafuta ya mgando.

Nikinywa maji mengi si itatosha?

Kama mwili una upungufu wa maji, kunywa. Kama hauna, glasi za ziada zitapita kwenye mkojo. Ukuta unaovuja hauzibwi kwa kuongeza maji ndani.

Mama yangu ana miaka zaidi ya 70, miguu inamwasha usiku kucha. Nimnunulie nini?

Mpe mama pole. Umri ukisogea, ngozi hutoa mafuta yake kidogo na kujijenga upya polepole, na miundi ndiyo huumia kwanza. Anza na krimu nzito isiyo na harufu, mara 2 kwa siku, na apunguze sabuni miguuni. Asipakwe akiwa amesimama kwenye sakafu ya bafu, kwa sababu mafuta yanateleza na kuanguka katika umri huo ni hatari. Mkalishe kitini, mpake, umvalishe soksi kabla hajatembea.

Muulize pia kuhusu dawa anazomeza. Dawa za kuongeza mkojo na baadhi ya dawa za kolesteroli zinaweza kuchangia ukavu. Asiziache, bali amweleze daktari.

Mtoto nikimpaka tangu azaliwe, nitamkinga na pumu ya ngozi?

Tulitumaini hivyo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, uliowafuatilia watoto takriban 1,400 wenye historia ya mzio katika familia, ulionyesha kuwa kupaka kila siku mwaka wa kwanza hakukuzuia. Mpake akiwa na ngozi kavu, usimpake kama kinga.

Magaga na mikono iliyopasuka?

Magaga yaloweke kwenye maji vuguvugu dakika 10, sugua taratibu kwa jiwe, paka krimu ya yurea, funika kwa mafuta ya mgando, vaa soksi za pamba, lala. Usikate kwa wembe. Mwenye kisukari asisugue wala kuloweka kabla ya kuonwa na mhudumu wa afya, na asipake katikati ya vidole, kwa sababu unyevu wa pale hualika fangasi. Mikono inayoshinda kwenye maji na sabuni hailainiki kwa krimu pekee: vaa glavu unapoosha vyombo, na upake kila baada ya kunawa.

Kuna hatari yoyote nisiyoijua?

Ipo, na inaua. Mafuta ya ngozi yanaponyonywa na nguo, shuka na bendeji, vitambaa hivyo hushika moto upesi na kuwaka kwa kasi. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo hilo upya mwaka 2018, ikasisitiza kuwa si mafuta ya parafini peke yake yenye hatari hiyo. Kufua hupunguza mafuta kwenye kitambaa lakini hakuyamalizi. Asiyetenganishwa na sigara, mshumaa au jiko la moto wazi ayajue haya, na wanaomtunza mgonjwa wa kitandani wayajue zaidi.

Nimepaka kwa bidii wiki kadhaa, sioni nafuu.

Basi si suala la kopo tena. Ukavu unaoambatana na uchovu, kuongezeka uzito na kusikia baridi kuliko wengine unaweza kutoka kwenye tezi ya shingo. Kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara vinaelekeza kwenye kisukari. Figo zikidhoofika nazo huleta mwasho wa mwili mzima. Nenda upimwe. Nenda mapema zaidi ukiona usaha, gamba la rangi ya asali, joto na uvimbe, au wekundu ambao kwenye ngozi nyeusi huonekana kama zambarau au kijivu. Daktari akikupa krimu ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, acha takriban nusu saa kati yake na mafuta yako ili moja isiipunguze nguvu nyingine. Na uende na makopo yako yote, hata lile ulilopewa na jirani bila lebo, kwa sababu steroidi na zebaki zilizofichwa ndani ya mafuta ya kung'arisha ngozi hujulikana kwa kukausha, kuchubua na kudhuru figo, na daktari hawezi kuzishuku kama hujamwonyesha.