Kalkilateri ya bwate hulaumiwa kabla ya waya wake

Dalili hufanana karibu kila mara. Toyota Noah, Toyota Ipsum au Nissan Serena iliyoingia Lubumbashi kupitia mpaka wa Kasumbalesa inaondoka kwa uzito kana kwamba imejazwa mifuko ya saruji, injini inapiga kelele, gia haibadiliki, na taa ya injini inawaka. Dereva akizima na kuwasha tena, gari linakwenda vizuri kilomita chache, kisha linarudia yale yale. Garajini jibu huwa tayari: kalkilateri ya bwate (kompyuta ya giaboksi) imekufa, tafuta nyingine.

Huenda ni kweli, lakini hicho ndicho kifaa cha kushuku mwisho. Kazi yake ni kufungua na kufunga solenoidi, yaani vali ndogo za umeme zinazopeleka mafuta ya bwate kwenye klachi za ndani. Ikipata taarifa isiyoaminika, kwa mfano sensa (kipimio) moja ya mwendo inasema gari limesimama na nyingine inasema linakimbia, hukata umeme wa solenoidi zote. Bwate ya otomatiki ya kawaida hubaki na gia moja tu, ile inayoshikwa na shinikizo la mafuta bila umeme, mara nyingi ya pili au ya tatu. Ule uzito wa kuondoka ndio huo: gari linaanza safari na gia ya tatu. Kompyuta iliyofanya hivyo haijafa, imeilinda bwate.

Kwanza soma namba za hitilafu kwa skana (mashine ya kusoma kompyuta za gari) inayofika hadi kwenye bwate, si ile ndogo inayosoma injini peke yake. P0700 haisemi kitu zaidi ya "bwate ina tatizo, kaulize huko." P0715 na P0720 zinakupeleka kwenye sensa za mwendo, P0750 na zinazoifuata kwenye solenoidi, P0705 kwenye swichi ya mkono wa gia, P0562 kwenye umeme mdogo. Zinazoigusa kalkilateri yenyewe ni chache: P0601, P0604, P0605, P0613. U0101 inasema kompyuta nyingine hazisikii sauti yake, na hiyo inaweza kuwa waya uliokatika au fizibli (fyuzi) iliyoungua.

Baada ya hapo pima betri. Ikiwa imepumzika inapaswa kuwa karibu volti 12.6, na injini ikinguruma volti 13.8 hadi 14.5. Angalia pia kiwango cha mafuta ya bwate, rangi na harufu yake. Mafuta meusi yanayonuka kuungua ni klachi zilizokwisha, na hakuna kompyuta itakayoziponya.

Sasa chomoa plagi ya kalkilateri, kontakti (swichi ya funguo) ikiwa imezimwa. Hapa ndipo wengi hudanganywa na mita. Waya uliooza hadi ukabaki uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12, kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunganishe kati ya tundu la umeme la plagi na tundu la masi (waya hasi) la plagi hiyo hiyo, kisha fungua kontakti. Ikiwaka kwa nguvu zote, njia ya umeme na ya masi ni nzima. Ikiwaka nyekundu na hafifu, umepata ugonjwa, na dawa yake ni waya wa bei ya soda. Kipimo hiki ni cha nyaya za umeme na masi tu, kwa hiyo hakikisha kwenye mchoro wa nyaya za gari lako ni tundu lipi. Ukiweka balbu kwenye waya wa sensa utaunguza kitu kingine.

Kutoka kwenye plagi hiyo hiyo pima solenoidi moja moja. Kwenye Toyota nyingi za gia nne, solenoidi za kufungua na kufunga huwa na omu 11 hadi 15 na ile ya shinikizo omu 5 hadi 5.6, bwate ikiwa baridi. Usiruke kipimo hiki hata kama una hakika kompyuta ni mbovu. Solenoidi yenye shoti huvuta umeme mwingi hadi ikaunguza transista inayoiendesha ndani ya kalkilateri, na ukiweka kalkilateri mpya bila kuibadilisha, mpya nayo itaungua. Mwisho pima mtandao wa kompyuta: betri ikiwa imechomolewa na plagi zote zikiwa mahali pake, kati ya tundu la 6 na la 14 la soketi ya skana panapaswa kuwa na omu 60 hivi, kwa magari yanayotumia mtandao wa CAN.

Umeme mzuri, masi nzuri, solenoidi nzima, na bado skana haipati jibu, au P0605 inarudi mara tu unapoifuta: sasa una haki ya kununua.

Chunguza nini kiliiua. Hapa kwetu maji yanaongoza. Majani ya mwembe na maua ya jakaranda huziba mifereji iliyo chini ya waipa, maji ya mvua yanapita kwenye ukuta wa injini na kudondokea chini ya dashibodi, mahali ambapo magari mengi huficha kompyuta zake. Fungua kifuniko cha kalkilateri, utaona unga wa kijani kwenye miguu ya plagi. Muuaji wa pili ni uchomeleaji wa bodi bila kuchomoa betri, akifuatiwa na aliyegeuza kebo za betri alipokuwa akiazima umeme wa gari jingine.

Namba ya kifaa kwenye lebo ifanane yote, hadi herufi ya mwisho. Gari la mwaka huo huo lenye injini nyingine lina programu nyingine. Kwenye Toyota nyingi za familia kompyuta ya bwate na ya injini ni sanduku moja, hivyo ukiweka ya mtumba funguo inaweza kukataliwa na injini isiwake. Serena C25 yenye bwate ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) ina mtego wake: data za urekebishaji zimehifadhiwa ndani ya bwate, na kalkilateri ya mtumba huja na data za bwate iliyotoka. Lazima zifutwe kwa skana ya Nissan ili isome za kwako. Muuzaji asiyejua habari hiyo atakuambia "weka tu, itafanya kazi."

Kazi yenyewe haichukui saa nzima. Weka vizuizi kwenye magurudumu, zima kontakti, subiri dakika tano, chomoa kebo hasi. Gusa chuma cha bodi kabla ya kushika kalkilateri ili umeme wa mwili usiingie ndani. Vuta klipu ya plagi, usivute nyaya. Rudisha mpira wa kuzuia maji na skrubu zote, maana kompyuta inayotikisika kwenye mashimo ya barabara hupasuka maungio yake ya ndani yaliyochomelewa kwa risasi. Acha nyaya zishuke kidogo chini ya plagi kisha zipande, ili tone la maji liishie kwenye kona badala ya kuingia.

Kama inahitaji programu, unganisha betri ya pili iliyojaa sambamba na ya gari. Usitegemee chaja ya ukutani, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika programu, kompyuta huenda isiamke tena.

Safari ya kwanza gia zitagonga kidogo, kwa kuwa haijajua bado klachi zako zimelika kiasi gani. Pasha injini hadi joto la kawaida, kisha endesha kilomita 20 hadi 30 kwa mguu mwepesi, ukisimama na kuondoka mara nyingi. Kugonga kupungue safari hiyo hiyo. Kukizidi, rudi kwenye skana.

Novemba mvua kubwa ya kwanza ikishanyesha, ingiza mkono chini ya zulia upande ilipo kalkilateri. Zulia likiwa bichi, mfereji wa waipa bado umeziba.