Mkuza wa huduma ni nini, na unaibana bustani yako kiasi gani?

Mkuza ni ukanda wa ardhi uliotengwa ili miundombinu ipite: nyaya za umeme, bomba la maji, la gesi, la maji taka, nyaya za simu na intaneti. Wengi wakilisikia neno hili huwazia mikuza mikubwa, ile ya minara ya umeme inayokatiza msitu. Lakini hata kiwanja cha kawaida cha makazi kina mikuza yake midogo, na mara nyingi inapita palepale mwenye nyumba anapotaka kupanda mti, kujenga ukuta mfupi wa maua au kuchimba bwawa la samaki.

Ardhi ya mkuza inaweza kuwa yako kabisa. Kinachobanwa ni matumizi. Ni kama njia ya miguu inayokatiza shamba la mtu: shamba ni lake, ila hawezi kuiziba. Mtoa huduma ana haki ya kuingia, kukagua na kukarabati, na kwa kawaida anaruhusiwa kuondoa kinachomzuia. Upana wa mkuza hutegemea aina ya laini na sheria za mahali, kwa hiyo usiukadirie kwa macho. Angalia ramani ya kiwanja, au muulize mtoa huduma.

Wengi huuona mkuza kama mstari uliochorwa ardhini, kumbe unakwenda juu na unakwenda chini, na bustani nayo haikai ilivyo. Mche unaokufika magotini leo unaweza kufika kwenye nyaya baada ya miaka michache. Kabla ya kununua mche, uliza utakuwa na urefu gani ukikomaa na matawi yatatanuka kiasi gani, kisha pima kutoka kwenye nyaya kwa kipimo hicho cha utu uzima. Karibu na nyaya za mtaani panafaa vichaka na miti mifupi. Miti mirefu, ile inayopita mita 12, iwekwe mbali kiasi kwamba hata ikianguka haifiki. Ukishakosea hapo, utabaki na kazi ya kupogoa kila mwaka, na mti unaopogolewa upande mmoja hauna sura tena.

Kupogoa kwenyewe karibu na nyaya si kazi ya mwenye nyumba. Umeme wa msongo mkubwa hauhitaji kuguswa. Unaweza kuruka hewani ukafika kwenye ngazi ya alumini, au kwenye ufito mrefu wa kuchumia matunda ukiwa na unyevu. Na usidanganywe na ganda jeusi la baadhi ya nyaya hizo: mara nyingi limewekwa kwa ajili ya jua na mvua, si kwa ajili ya mkono wako. Waya ukianguka, chukulia kuwa una umeme. Kaa umbali wa mita 10 au zaidi, zuia watoto, piga simu.

Chini ya ardhi mambo ni magumu zaidi, maana hakuna kinachoonekana. Nchi nyingi zina huduma ya kuwekewa alama kabla ya kuchimba. Marekani, kwa mfano, mtu hupiga 811 siku chache kabla, kisha wahusika huja kupaka rangi ardhini: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, bluu ni maji ya kunywa, kijani ni maji taka, chungwa ni mawasiliano. Kwingine rangi hutofautiana, kwa hiyo uliza maana yake kabla ya kuanza. Pia alama hizi kwa kawaida huishia kwenye mita. Bomba la kumwagilia, waya wa taa za bustani au laini ya umeme iendayo kwenye banda la nyuma ni vyako mwenyewe, na hakuna atakayekuja kukuonyesha vilipo.

Alama inakuambia laini inapita wapi. Kina ni habari nyingine. Bomba lililofukiwa kwa kina cha kutosha siku ya kwanza linaweza kuwa karibu na uso wa ardhi leo, kwa sababu mtu alisawazisha mteremko na kuhamisha udongo. Kinyume chake pia hutokea: kifusi kinamwagwa juu, chemba inazama, na siku ya kuziba kwa maji taka fundi anatafuta mfuniko kwa mtaimbo. Ndiyo maana kuongeza au kupunguza udongo juu ya mkuza nako kunahitaji ruhusa, hata kama hukuchimba shimo.

Ukifika jirani na alama, weka mashine kando. Chimba kwa beleshi, taratibu, ukianzia pembeni, ukikwangua badala ya kupiga. Sururu haina kazi hapo. Ukikuta utepe wa plastiki wenye rangi kali, simama: huo hufukiwa juu ya laini makusudi ili ukutane nao kwanza. Ukikuta waya mwembamba unaoambatana na bomba la plastiki, usiukate kwa kudhani ni takataka. Plastiki haionekani kwenye kifaa cha kutafutia metali. Waya huo ndio unaolifanya bomba lipatikane. Ukikatika, atakayekuja kuchimba baada yako hataonywa na kifaa hicho.

Na ukilikwaruza bomba? Hapa ndipo watu hufukia haraka na kunyamaza. Bomba la chuma lina ganda la kuzuia kutu, na kutu huanzia pale palipochubuka. Kebo ikichubuka huingiza unyevu. Hitilafu inaweza kutokea baada ya miaka, huku bustani ikiwa imeshamea juu yake. Acha shimo wazi, mwite mwenye laini. Kama ni gesi na unasikia harufu au mlio wa kufoka, usiwashe wala kuzima kitu chochote, usijaribu kuziba. Ondoa watu wote, kisha piga simu ukiwa mbali.

Mizizi nayo ina mchezo wake. Hufuata unyevu, na kiungo cha bomba la maji taka kinachovuja ni mwaliko. Mizizi huingia kupitia ufa mdogo, hunenepea ndani, hukamata uchafu mpaka maji yarudi nyumbani. Jamii ya mifikasi, yaani mikuyu na ndugu zake, inajulikana kwa hilo. Juu ya tangi la maji taka na mitaro yake ya kunyonyea panda ukoka tu, na usipitishe gari.

Yamebaki masanduku na mita. Transfoma ya chini, lile sanduku la chuma lililoko uani, hufunguliwa kutoka mbele na fundi mwenye vifaa virefu, kwa hiyo mbele yake paachwe wazi takriban mita 3, na kando takriban mita 1. Ua wa kulificha unaruhusiwa mahali pengi, mradi usizibe mlango. Mita ya gesi isirundikiwe udongo wala majani. Kirekebisha presha chake kinahitaji kupumua. Na juu ya koki ya maji weka vitu vinavyoondoleka: changarawe, vyungu vya maua, vigae visivyofungwa kwa saruji.